Mwaka Niliowatafuta Akina Kalubandi

Mzee Kalubandi Idi alizikwa Kabambare wiki mbili zilizopita, nami sikufika. Mvua ilikuwa imekata barabara, na kijana wa pikipiki niliyemwendea asubuhi na mfuko wangu alinitazama miguu, akaitazama mbingu, akasema, "Mama Mwalimu, na umri huu, miye siwezi kukubeba mupaka kule. Tukianguka mu matope watasema miye nilikuua." Nikarudi nyumbani. Nilijifunga kitenge cha msiba, nikakaa sebuleni peke yangu hapa Kasongo, mlango wazi ili majirani waone kwamba nimefiwa. Jioni mtoto wake mkubwa alinipigia simu. Akasema kaburi limefungwa salama, watu walijaa, na sheikh alipotaja watoto wa marehemu alianza na mimi, kwa kuwa nawazidi wote umri. Nilimshukuru, nikakata simu, nikalia mpaka kichwa kikauma. Maana mimi si mtoto wake. Wala si mtoto wa ndugu yake, wala hatuna hata tone moja la damu pamoja, na yeye alipofukiwa udongo nikabaki mimi tu duniani ninayeijua habari hiyo yote.

Wenye kuandika maisha yao huanza na mababu. Mimi hapo sina la kuandika. Baba yangu alikuwa mwashi, alikufa nikiwa na miaka sita. Mjini Kasongo aliitwa Kalubandi, na hapakuwa na Kalubandi mwingine. Mama naye hakukawia. Mama mdogo Bernadeta akanilea, akanisomesha kwa misheni mpaka nikashika chaki. Hayo yatosha. Mwaka ninaotaka kuuandika ni ule nilipokuwa na miaka ishirini na mitatu, nikifundisha darasa la pili, nikimpenda Gabrieli. Niseme hivyo hivyo, bila kuzunguka: nilimpenda. Alifundisha darasa la tano, chumba cha pili kutoka changu, na alikuwa na tabia ya kucheka kabla hajamaliza mzaha wake mwenyewe, hata hatukupata kuusikia mwisho wake. Akipita dirishani kwangu niliandika tarehe vibaya ubaoni, na watoto wa miaka minane, ambao hakuna asiyejua kwamba ndio wapelelezi wakubwa kuliko wote, wakakohoa kwa pamoja.

Watu wake walikuja kujitambulisha mwisho wa masika. Walikuwa wakulima wa Lusangi, wakiongozwa na baba yake mkubwa, Mzee Tomasi, mtu mpana mwenye sauti ya kuongea shambani. Mama mdogo aliazima viti kanisani, akachinja kuku wawili, akapika wali wa mawese na sombe, majani ya muhogo aliyoyatwanga tangu asubuhi. Mimi, kama ilivyo desturi, nilikaa jikoni nyuma ya ukuta wa udongo na kusikiliza vijiko. Nieleze jambo moja kwa wasio wa kwetu. Watu wakija kuulizia msichana, kabla mahari haijatajwa, wazee wa pande mbili hutaja mababu na mabibi zao mmoja mmoja, ili ijulikane kwamba vijana si damu moja. Upande wa msichana, anayetaja lazima awe mwanamume wa ukoo wa baba yake. Mama mdogo anaweza kulea, kulisha na kulipia shule. Kutaja hawezi.

"Mama, chakula ni kizuri, tunashukuru," nilimsikia Mzee Tomasi akisema. "Lakini ule Kalubandi, kwao ni wapi? Nani atatutajia watu wake?"

"Baba, alikuja hapa kijana, akajenga, akaoa dada yangu. Hakusemaka kwao."

"Mutu hawezi kukosa kwao."

"Iko namna hiyo, baba. Siye wenyewe tulimuuliza, akawa anacheka tu."

Nikasikia Mzee Tomasi akiweka kijiko chini. Halafu akasema, kwa upole, na upole ule ndio ulionichoma: "Mutoto ni muzuri, hatumukatai. Lakini siye hatuwezi kuoa jina tupu. Kesho tukikuta ni dada yake, tutaweka sura wapi? Atafute watu wake. Tutangoja." Wakamaliza kula, wakanawa, wakaenda. Nilitoka jikoni nikakuta viti vya kanisa vimepangwa vizuri ukutani, na mama mdogo amekaa kwenye kimoja, mikono mapajani. Hakunitazama. Gabrieli alinifuata shuleni kesho yake akaniambia tukimbie, tuende Kindu, tukaishi huko wawili bila kumuuliza mtu. Nilimjibu kwamba tangu nizaliwe naishi bila watu na sikuona utamu wake. Nilitaka watu. Ningeolewa mbele yao au nisingeolewa.

Muuza mafuta ya mawese mmoja, aliyekuwa akisukuma baiskeli yake yenye madumu kutoka Kabambare na kulala kwa jirani yetu, ndiye aliyenipa njia. Alinisikia nikiitwa kwa jina, akashangaa. "Kalubandi? Kule kwetu iko mingi! Ukirusha jiwe sokoni unapiga Kalubandi." Sikulala usingizi wa maana wiki nzima. Nilimwendea mkurugenzi wa shule yetu, naye akanitafutia nafasi katika shule moja ya Kabambare iliyokosa mwalimu, kwa mwaka mmoja wa masomo. Nikaondoka nimekaa kwenye kiti cha nyuma cha baiskeli, sanduku langu kwenye baiskeli nyingine, nikishuka kila kilima na kutembea. Njia nzima nilikuwa nikijisemea moyoni jinsi nitakavyowasalimu.

Nilipanga chumba kwa Mama Sifa, mjane wa Kiislamu aliyekaanga vitumbua vya mchele kila alfajiri na kuvimaliza kabla jua halijapanda. Chumba kilikuwa na kitanda cha mianzi, dirisha lenye ubao wa sanduku la sabuni, na kalenda ya mwaka uliokwisha zamani ambayo mpangaji aliyetangulia hakuona haja ya kuitoa. Hata mimi sikuitoa. Darini Mama Sifa aliweka magunia yake ya mpunga, na panya walikuwa wakifanya huko mikutano isiyo na mwisho. Siku mbili za kwanza aliniwekea chakula changu peke yangu kwenye sinia, bugali, dagaa na mchicha wa lengalenga, akakaa mbali kunichungulia kama nakula. Siku ya tatu akaniwekea mchi mkononi. "Mugeni siku mbili," akasema, "siku ya tatu umupe jembe. Lakini weye ni mwalimu, jembe utajikata. Twanga sombe." Nilimpenda tangu siku hiyo. Hata hivyo jioni nilipofunga mlango wangu upweke ulikuwa pale pale umenisubiri, na nilikuwa nikisoma kalenda ile ya zamani mwezi kwa mwezi ili niwe na kitu cha kusoma.

Siku ya kwanza darasani nilifungua orodha ya wanafunzi nikaanza kuita. Nilipofika Kalubandi wa kwanza nikatulia. Kalubandi wa pili, sauti ikanikatika. Wa tatu sikuweza kumtaja, nikanyoosha kidole tu. Halafu nikaandika jina langu ubaoni, Apolina Kalubandi, nikiwatazama wale watatu kwa macho ya shangazi, na darasa zima likaangua kicheko. Nilidhani wanacheka mgeni. Baadaye niliambiwa kwamba Kalubandi kule ni jina la mwanamume, na mwanamke kuitwa hivyo kulikuwa kichekesho ambacho hawajawahi kuletewa bure namna ile. Jioni nilinunua kaye mpya, yaani daftari, nikaandika juu yake "Watu wangu", nikaanza na wale watatu.

Nilizunguka na kaye ile Jumapili zote za mwaka ule baada ya misa. Walikuwapo kweli. Kalubandi mlinzi wa ghala, Kalubandi muuza chumvi, Kalubandi aliyekuwa mwalimu wa katekisimu kijiji cha pili, Kalubandi kipofu aliyesuka vikapu kwa kupapasa. Kila nyumba nilikaribishwa. "Mutoto wa Kalubandi wa Kasongo? Karibu, mwanangu, karibu!" Nikapewa kiti, nikapewa karanga za kuchemsha, nikarudi na mayai au na kuku aliyefungwa miguu. Aliyenipokea kuliko wote ni Mzee Kalubandi Idi, fundi cherehani, aliyeshonea barazani kwake karibu na msikiti mdogo. Alikuwa na miaka kama hamsini, mwembamba, pini mdomoni saa zote, na aliweza kuongea nazo bila kumeza hata moja. Nyumbani kwake nilikula wali wa Ijumaa karibu kila wiki. Mkewe alinitengea bakuli langu na kijiko changu, na nikichelewa hawakuanza. Sikuwahi kuchelewesha chakula cha mtu yeyote kabla ya hapo. Nilikuwa nikisimama kidogo nyuma ya ukuta wa jirani makusudi, nisikie tu akisema, "Tumungojee Apolina."

Kaye ilifika ukurasa wa tatu, na mtu mwenye akili angeona kilichoandikwa humo. Kwa kabila, mmoja alikuwa Mubangubangu, mwingine Muzimba, mwingine akasema watu wake ni Walega wa kaskazini. Wengine Wakristo, wengine Waislamu. Katika nyumba ya ndugu saba, mmoja tu ndiye Kalubandi. Na hapakuwa na hata nyumba moja ambamo Kalubandi alimzaa Kalubandi. Nilikuta babu na mjukuu, baba hapo katikati akiitwa jina jingine kabisa. Mimi niliyaandika hayo yote kwa mwandiko mzuri, nikapiga mistari kwa rula, nisione kitu. Kwa misheni tulifundishwa kwamba mtu anabeba jina la baba yake, na baba la babu yake, mpaka juu. Nilimwandikia Gabrieli, "Nimewapata. Ni wengi. Nitakuja nao." Alijibu kwa kurasa nne, akicheka hata kwenye karatasi. Barua zake ninazo mpaka leo. Sikupata mume wa kunionea wivu nizichome.

Ukweli niliusikia nikiwa kitandani. Ilikuwa adhuhuri, nimerudi kutoka shuleni na homa, nimelala bila hata kufungua dirisha. Nyuma ya ukuta Mama Sifa na jirani yake walikuwa wakitwanga sombe, kila mmoja na mchi wake kwenye kinu kimoja, wakidhani sipo.

"Na ule mwalimu wako," jirani akasema, "angali anazungukia manyumba ya watu na kaye yake?"

"Angali. Jumapili amerudi na kuku tena."

"Masikini. Anafikiri ni ndugu zake."

"Nani atamuambia? Miye siwezi. Ungemuona vile anaingia na furaha."

"Lakini mutu amesoma vile! Anazania jina inatembeaka na damu. Wale wote ni watoto wa mutumbwi. Kalubandi mwenyewe hakuzaa hata moja."

Walicheka kidogo, bila ubaya, wakaendelea kutwanga. Niliamka nikatoka na shuka begani. Mama Sifa aliponiona aliuachia mchi ndani ya kinu. Hakuomba msamaha wala hakukana. Aliniketisha kwenye mkeka, akanipa maji, akanieleza yote kama mtu anavyomweleza mtoto aliyefiwa. Zamani, kabla ya barabara, palikuwa na mvushaji kwenye kivuko cha mto Luama. Alikuja pale peke yake, haijulikani alikotoka, akaitwa Kalubandi. Wanawake wenye uchungu waliokuwa wakipelekwa materinite, nyumba ya kujifungulia, ng'ambo ilibidi wavuke kwake, na wengine hawakufika. Uchungu ukizidi, aliuelekeza mtumbwi kwenye mchanga, akashika kitenge kama pazia, akageuza uso wake majini mpaka kilio cha mtoto kisikike. Mtoto wa kiume aliyezaliwa kivukoni, wa kabila lolote na wa dini yoyote, alipewa jina lake. Wale watoto walipokuwa wazee, wajukuu wao wakarithi jina, kwa kuwa kwetu mjukuu ndiye anayeitwa kwa babu yake. Ndiyo maana walijaa. Jina lilipita kwa mto na kwa heshima, damu haikuhusika. Mimi peke yangu, kwa sababu ya karani wa misheni aliyeandika jina la baba kando ya langu, nilikuwa Kalubandi mtoto wa Kalubandi, na tena mwanamke.

"Na baba yangu?" nikauliza.

"Baba yako pia atakuwa wa mutumbwi, mwanangu. Kama anaitwa vile, alizaliwa pale."

"Mama yake alikuwa nani?"

Mama Sifa akasukuma sombe ndani ya kinu kwa vidole. "Walipita wengi," akasema. "Wengine walikuwa wanatoka mbali, hawakurudia."

Husemwa kwamba asiye na wake ana Mungu. Niliwaambia wanafunzi wangu methali hiyo miaka mingi, na siku ile nilijua kwamba aliyeitunga alikuwa ameshiba, na watu wake wamejaa uani. Nililala siku tatu. Homa ilikwisha siku ya pili. Siku ya nne nilichukua kaye yangu nikaenda kwa Mzee Idi kumwambia kwamba sitakuja tena kula, kwa kuwa nilikuwa nakula kwa kosa. Alikuwa anashona suruali ya shule. Alinisikiliza, miguu yake ikasimama juu ya cherehani, akatoa pini mdomoni moja moja akazichoma kwenye ukosi wa shati lake.

"Miye nilizania unajua," akasema. "Kila mutu anajua."

"Basi kwa nini unaniita mwanangu?"

"Weye ni mutoto wa nani? Si wa Kalubandi? Na miye naitwa nani? Mutu mwenye jina ya baba yako ni baba yako. Huko Kasongo hawafundishake hii?" Alikuwa amekasirika kweli. Hasira ile ilinifariji kuliko maneno yote. Nikamwambia habari za Gabrieli, za Mzee Tomasi na mababu wanaotakiwa kutajwa. Alifikiri, akakanyaga cherehani, akashona mguu mzima wa suruali, akakata uzi kwa meno. "Nitakwenda," akasema.

"Watauliza damu, baba."

"Nitasema baba yako na miye, baba zetu walikuwa ndugu, na sote tulipewa jina ya babu yetu. Nani ataenda kuuliza Luama? Udugu ni kufaana, si kufanana."

Mimi niliyewapiga watoto viboko kwa uongo wa kupoteza kalamu, nilikubali papo hapo. Nilirudi kwa Mama Sifa nikala sahani mbili.

Tulikwenda Kasongo kiangazi, shule zilipofungwa. Mzee Idi alikuwa amejishonea kanzu nyeupe kwa ajili ya siku ile, na njia nzima aliibeba kichwani ndani ya kitambaa ili vumbi lisiiguse. Jioni tulipopumzika alikuwa akinifundisha uongo wetu: babu yetu Kalubandi, alizaliwa wapi, alilima wapi, aliwazaa nani. Tuliwatunga wanaume wote wa ukoo ule, tukicheka kama watoto. Mabibi hatukuwatunga. Hakuna aliyewafikiria, Mzee Idi alikuwa na bibi yake wa kweli, na wala hakuona kwa nini asimtumie huyo.

Viti vya kanisa vikarudi sebuleni kwa mama mdogo. Nami nikarudi nyuma ya ukuta wangu, safari hii nimesukwa nywele, nimevaa kitenge kipya. Nilimsikia Mzee Idi akisalimu, akiwaombea, akikohoa kwa cheo. Mzee Tomasi alimuuliza kwa nini yeye ni Muislamu na mtoto Mkristo, akajibu kwamba kwetu nyumba moja inajaza msikiti na kanisa, wakacheka. Halafu akaanza kutaja. Alitaja vizuri mno. Babu Kalubandi alisimama mbele yetu akiwa na shamba lake na ndevu zake, mpaka mimi mwenyewe nikamwamini.

"Na muke wa huyo babu?" Mzee Tomasi akauliza. "Bibi yenu?"

"Sakina. Lakini hakuzaliwa Muislamu. Alitoka kwenu, upande wa Lusangi. Baba yake alikuwa muhunzi, Kilela. Bibi alituambiaka vile alikuwa anavutia baba yake mivukuto, hata mikono yake ilikuwa na nguvu ya mwanaume."

Hakuna kijiko kilichosogea. "Kilela," Mzee Tomasi akasema polepole. "Kilela wa mivukuto." Kiti kikaanguka. "Lakini Kilela alimuzaa babu yangu! Na babu alikuwa na dada, aliolewa na muungwana mumoja wa Kiislamu, akapelekwa Kabambare, hatukumuona tena! Mama yetu alikufa anamutaja! Ndugu yangu! Weye ni ndugu yangu!"

Walikumbatiana, nilisikia migongo ikipigwa. Mwanamume yule mpana alilia kwa sauti, na Mzee Idi naye, ambaye hakuwa ametegemea kumpata mtu wa bibi yake mahali pale, alilia kweli. Wanawake wa Lusangi wakapiga vigelegele. Ndipo Mzee Tomasi akamwita Gabrieli aliyekuwa uani, akamwambia huku akicheka na machozi, "Mwanangu, shukuru Mungu! Ulikuwa unataka kuoa dada yako!" Mama mdogo akaingia jikoni kuchukua kuku wa tatu. Alinikuta nimesimama na kifuniko cha sufuria mkononi. Alitazama sura yangu, akamchukua kuku, akatoka.

Walikula kwa furaha ambayo nyumba ile haikuwahi kuijua. Katikati ya chakula Mzee Idi alikuja mlangoni jikoni, kanzu yake imeloa kifuani, akainama kama anaomba chumvi. "Mwanangu, sikujua," akaninong'oneza. "Sema neno moja tu. Nitarudia pale nitawaambia nilidanganya, weye si damu yangu. Watanifukuza, basi. Miye ni muzee, nitatembea." Nilijua maana ya anachosema. Mzee aliyedanganya katika kutaja damu haketi tena na wazee popote. Na ndugu aliowapata dakika ile wangemtemea mate. Nikamwambia, "Baba, nenda ule, chakula kinapoa." Bado sikuwa nimeamua. Nilijua kwamba Gabrieli atakuja kuniuliza mwenyewe, na kwamba yeye hahitaji wazee.

Alikuja asubuhi, mapema. Nilikuwa nafagia mbele ya nyumba. Hakuwa amelala; alikuwa bado na shati la jana, na mfuko mdogo begani. Ndani, Mzee Tomasi alikuwa tayari amefika na wajukuu zake kumwonyesha babu yao mpya, na shangazi mmoja wa Lusangi, ambaye hata jina lake sikulijua, alikuwa ameniletea maandazi tangu alfajiri akiniita "mutoto wetu". Nilisikia wakipangana nani atatuchukua wiki ya kwanza kwenda kuwaona wengine. Walikuwa wakigombana. Wakinigombania mimi.

"Apolina," Gabrieli akasema. Hakucheka. "Kuna baiskeli mbili zinaenda upande wa Kindu, zinaningoja sokoni. Niambie tu kweli yako, sitamwambia mutu. Ule muzee ni baba yako kabisa?"

Ufagio ulikuwa mkononi mwangu. Ndani mtu aliuliza, "Apolina iko wapi? Tumungojee."

"Ni baba yangu, kaka," nikamjibu.

 Gabrieli akauweka mfuko wake chini, akanipa mkono wa kulia huku wa kushoto ameshika kiwiko chake, kama anavyosalimiwa dada wa nyumbani, akavua viatu, akaingia ndani kuwasalimu watu wetu.